Kubadilisha metali katika uchovyaji kwa umeme

Kubadilisha metali katika uchovyaji kwa umeme ni kuacha kupaka kitu metali moja, kwa mfano shaba, na kuanza kukipaka metali nyingine, kwa mfano nikeli, kwa njia ya elektrolisisi. Viwandani kazi hii hufanyika katika mstari wa matangi, kila tangi likiwa na metali yake, na katikati yake kuna matangi ya kusuuzia. Nyumbani mtu hutumia vyombo vichache vya plastiki na chanzo kidogo cha umeme, na kosa la kawaida ni kudhani kwamba inatosha kubadilisha kipande cha metali kilichofungwa kwenye waya chanya. Matokeo yake ni tabaka linalobanduka, uso mweusi, au myeyusho wa gharama ulioharibika.

Kila metali huhitaji myeyusho wake, anodi yake na kiasi chake cha mkondo. Pia uso wa tabaka la zamani hauna budi kusafishwa na kuamshwa kabla ya kupokea tabaka jipya.

## Jina

Neno *uchovyaji* linatokana na kitenzi *kuchovya*. Mikufu na pete zilizopakwa dhahabu nyembamba juu ya metali nyingine huitwa "dhahabu ya kuchovya". Uchovyaji kwa umeme ni tofauti na uzamishaji wa moto. Mabati ya kuezekea nyumba, kwa kawaida, hupata zinki yake kwa kupitishwa ndani ya zinki iliyoyeyushwa kwa joto, si kwa umeme.

## Historia

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri ya kwanza. Mwaka 1805 mwenzake Luigi Brugnatelli wa Pavia alitumia betri ya aina hiyo kupaka dhahabu kwenye medali za fedha. Katika miaka ya 1830 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba kiasi cha metali kinachoshuka hulingana na kiasi cha umeme kilichopita.

Mwaka 1840 George na Henry Elkington wa Birmingham walipata hataza ya kupaka fedha na dhahabu kwa kutumia miyeyusho ya sianidi. Njia yao ilichukua nafasi ya ufundi wa zamani wa kupaka dhahabu kwa zebaki, ambao mvuke wake uliwadhuru mafundi wengi. Mwaka 1916 Oliver P. Watts wa Marekani alichapisha mchanganyiko wa nikeli ambao bado unatumika kwa jina lake, na katika miaka ya 1920 upakaji wa kromi ulianza kuenea viwandani.

## Jinsi uchovyaji unavyofanya kazi

Kitu kinachopakwa hufungwa kwenye upande hasi wa chanzo cha umeme na kuitwa kathodi. Kipande cha metali hufungwa kwenye upande chanya na kuitwa anodi. Vyote viwili huzamishwa katika myeyusho wenye ioni za metali, yaani elektroliti. Ioni zenye chaji chanya huvutwa kwenye kathodi, hupokea elektroni na kugeuka kuwa atomu za metali. Wakati huohuo anodi huyeyuka polepole na kurudisha ioni kwenye myeyusho.

Metali inayoshuka kwenye kitu hutokana na ioni zilizomo kwenye myeyusho. Kazi ya anodi ni kujaza kilichotumika. Mtu akiweka anodi ya nikeli ndani ya myeyusho wa salfeti ya shaba, kitu kitaendelea kupakwa shaba. Nikeli kutoka kwenye anodi itaingia kwenye myeyusho na kubaki humo, huku shaba ikipungua. Mwishoni hupatikana mchanganyiko usiofaa kupaka shaba wala nikeli.

Sababu yake inaonekana katika mfululizo wa metali kwa kadiri ya volteji yao sanifu:

| Metali | Volteji sanifu |
|---|---|
| Zinki | −0.76 |
| Chuma | −0.44 |
| Nikeli | −0.25 |
| Stani | −0.14 |
| Hidrojeni (kwa kulinganisha) | 0 |
| Shaba | +0.34 |
| Fedha | +0.80 |
| Dhahabu | +1.50 |

Metali zilizo chini katika jedwali hushuka kwa urahisi zaidi kuliko zilizo juu. Shaba na nikeli zikiwa pamoja katika myeyusho wa kawaida, shaba hutangulia. Viwandani shaba na zinki huweza kushushwa pamoja zikatoa tabaka la shaba ya njano, lakini hilo huwezekana kwa sababu sianidi huzishika ioni za shaba na kuzisogeza karibu na zinki. Kwa sumu yake, njia hiyo haifai nyumbani.

Alumini haiwezi kushushwa kutoka kwenye maji hata kidogo, kwa kuwa hidrojeni hutoka kabla yake.

## Myeyusho na anodi ya kila metali

Shaba. Myeyusho wa kawaida una gramu 200 hadi 250 za salfeti ya shaba na gramu 45 hadi 75 za asidi ya sulfuriki kwa lita moja, na hufanya kazi katika joto la chumba. Salfeti ya shaba, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia mrututu, huuzwa vilevile kama dawa ya ukungu wa mimea. Anodi ni shaba safi.

Nikeli. Myeyusho wa Watts una gramu 240 hadi 300 za salfeti ya nikeli, gramu 30 hadi 90 za kloridi ya nikeli na gramu 30 hadi 45 za asidi ya boriki kwa lita. Hutumika katika nyuzi joto 40 hadi 60 za selsiasi, na pH yake huwa karibu na 4. Kloridi ina kazi maalumu: bila hiyo anodi ya nikeli hujifunika kwa oksidi na kuacha kuyeyuka.

Zinki. Hupakwa kutoka kwenye miyeyusho ya kloridi au salfeti. Anodi ya zinki huendelea kuyeyuka ndani ya asidi hata umeme ukizimwa, kwa hiyo hutolewa kazi inapokwisha.

Fedha na dhahabu. Viwandani hutumia zaidi sianidi. Kwa kazi ndogo kuna miyeyusho ya fedha iliyotengenezwa tayari bila sianidi. Myeyusho wa dhahabu mara nyingi hutumia anodi isiyoyeyuka, kama titani iliyopakwa platini, na dhahabu yote hutoka kwenye myeyusho wenyewe.

Wengine hutengeneza myeyusho wao kwa siki: vipande viwili vya shaba au vya nikeli huwekwa ndani ya siki na kupitishiwa umeme mpaka siki ipate rangi. Njia hii hutoa tabaka jembamba na hufaa kwa majaribio, lakini nguvu ya myeyusho haijulikani, na tabaka hutofautiana mara kwa mara.

## Mpangilio wa matabaka

Si kila metali inaweza kupakwa moja kwa moja juu ya nyingine. Tatizo la kwanza ni ubadilishanaji bila umeme. Msumari wa chuma ukitumbukizwa katika salfeti ya shaba, hugeuka mwekundu kwa sekunde chache hata bila betri. Atomu za chuma huingia kwenye myeyusho na shaba huchukua nafasi yake. Tabaka hilo halikushikamana na chuma. Huweza kufutwa kwa kidole, na chochote kitakachopakwa juu yake kitabanduka pamoja nalo. Hali hiyohiyo hutokea fedha inapokutana na shaba.

Njia ya kuliepuka ni kuanza na tabaka jembamba la kuunganisha, linalopakwa katika myeyusho ambao ubadilishanaji wake ni wa polepole:

* *Feleji:* huanza na nikeli, kisha shaba ya asidi inaweza kufuata.
* *Feleji isiyoshika kutu:* uso wake una oksidi ya kromi inayozuia kushikamana. Huanzishwa kwa myeyusho wa Wood, wenye kloridi ya nikeli na asidi ya hidrokloriki, ambao huondoa oksidi na kushusha nikeli kwa wakati mmoja.
* *Zinki na aloi zake:* huyeyuka katika shaba ya asidi. Huhitaji kwanza shaba kutoka kwenye myeyusho usio wa asidi. Senti ya Marekani, ambayo tangu 1982 ni zinki iliyofunikwa kwa shaba nyembamba, huharibika haraka ndani ya asidi ikiwa ina mkwaruzo hata mmoja.
* *Alumini:* huhitaji kwanza kuvishwa zinki kwa myeyusho maalumu.
* *Shaba kwenda fedha:* kitu huingizwa katika myeyusho hafifu wa fedha umeme ukiwa tayari umewashwa, ili tabaka la umeme litangulie lile la ubadilishanaji.

Tatizo la pili huonekana baada ya muda. Atomu za metali mbili zinazogusana huhamahama. Shaba hupenya polepole ndani ya dhahabu nyembamba, ikafika juu na kuifanya ififie. Vilevile shaba nyembamba juu ya zinki humezwa nayo. Kwa sababu hiyo nikeli huwekwa kati ya shaba na dhahabu kama kizuizi. Mpangilio unaojulikana sana wa bampa za magari ya zamani ni shaba, nikeli, kisha kromi: shaba hulainisha uso, nikeli huzuia kutu na kutoa mng'aro, na kromi hukinga mikwaruzo.

## Hatua za kuhama

Kuhama kutoka shaba hadi nikeli ni mfano mzuri, kwa kuwa metali hizi mbili ndizo zinazotumiwa sana nyumbani.

1. Kitu hutolewa kwenye shaba na kuachwa kidogo juu ya chombo ili myeyusho udondoke.
2. Husuuzwa katika maji ya kwanza, kisha katika maji ya pili yaliyo safi zaidi.
3. Kikiwa kimeguswa kwa mkono au kupigwa msasa, husafishwa mafuta kwa sabuni au magadi, kisha husuuzwa tena.
4. Huchovywa kwa sekunde 10 hadi 30 katika asidi ya sulfuriki hafifu, takriban asilimia 5, ili kuondoa oksidi. Hatua hii huitwa kuamsha uso.
5. Husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa na kuingizwa kwenye nikeli kikiwa bado kimelowa.

Jaribio rahisi la usafi ni kutazama maji juu ya uso. Maji yakitanda kama utando mmoja, uso ni safi. Yakikusanyika kuwa matone, bado kuna mafuta.

Kitu hakitakiwi kukauka kati ya hatua. Hili ni muhimu zaidi kwa nikeli. Nikeli iliyotolewa kwenye myeyusho na kukauka hujifunika kwa oksidi isiyoonekana kwa macho ndani ya muda mfupi, na nikeli mpya ikipakwa juu yake hubambuka kama ganda. Hata umeme ukikatika katikati ya kazi, uso wa nikeli unapaswa kuamshwa upya kwa asidi kabla ya kuendelea.

Kitu chenye tabaka la zamani, kama bolti ya dukani iliyopakwa zinki, huondolewa tabaka hilo kwanza. Zinki hutoa mapovu ya hidrojeni ndani ya asidi ya hidrokloriki hafifu, na mapovu yanapopungua ghafla, chuma kimefikiwa.

## Uchafuzi wa myeyusho

Kila mara kitu kinapohama, hubeba matone ya myeyusho wa kwanza hadi wa pili. Athari hutegemea upande wa kuhama.

Shaba katika nikeli ni uchafu mbaya: miligramu chache tu kwa lita hutosha kutia giza sehemu za kitu zinazopata mkondo mdogo, kama mashimo na pembe za ndani. Zinki katika nikeli huleta michirizi myeusi. Kloridi kutoka kwenye nikeli ikiingia kwenye fedha, hushika ioni za fedha na kuwa unga mweupe wa kloridi ya fedha, hasa katika miyeyusho isiyozishika ioni hizo kwa nguvu. Maji ya bomba pia yana kloridi, ndiyo maana suuzo la mwisho kabla ya fedha hufanywa kwa maji yaliyokenekwa.

Nikeli iliyochafuliwa kwa shaba huweza kuokolewa. Bati lililokunjwakunjwa la feleji safi huwekwa kama kathodi na kupitishiwa mkondo mdogo, ampea 0.2 hadi 0.5 kwa desimita mraba, kwa saa kadhaa. Kwa kuwa shaba hushuka kwa urahisi zaidi, hujikusanya kwenye bati hilo, ambalo baadaye huondolewa.

Kinga iliyo bora ni kuwa na vyombo, anodi, klipu na maji ya kusuuzia vya kila metali, vikiwa na maandishi. Waya wa shaba unaoshikilia kitu ndani ya nikeli hutakiwa kubaki juu ya myeyusho au kufunikwa kwa plastiki.

## Mkondo na muda

Mkondo hupangwa kwa eneo la uso, na metali ikibadilika hesabu nayo hubadilika. Jedwali lifuatalo linaonyesha kiasi kinachoshuka kwa ampea moja katika saa moja, umeme wote ukitumika kushusha metali:

| Metali | Gramu | Unene juu ya desimita mraba 1 |
|---|---|---|
| Nikeli | 1.10 | mikromita 12 |
| Shaba | 1.19 | mikromita 13 |
| Zinki | 1.22 | mikromita 17 |
| Fedha | 4.02 | mikromita 38 |

Fedha hushuka kwa wingi kwa sababu ioni yake huhitaji elektroni moja tu, ilhali zile nyingine tatu huhitaji mbili, na pia atomu yake ni nzito.

Kwa mfano, bangili yenye eneo la sentimita mraba 50 ni nusu ya desimita mraba. Ikipakwa shaba kwa ampea 2 kwa desimita mraba, huhitaji ampea 1, na baada ya nusu saa hupata takriban mikromita 13. Ikihamishiwa kwenye nikeli kwa ampea 3 kwa desimita mraba, mkondo huongezwa hadi ampea 1.5, na mikromita 10 hupatikana kwa takriban dakika 17.

Mkondo ukizidi, ncha na kingo huungua na kuwa na chembechembe nyeusi. Ukipungua mno, tabaka huchelewa na mashimo hayapakwi. Chanzo cha umeme kinachoweza kudhibiti ampea hufaa zaidi kuliko chaja ya simu, ambayo hutoa volti 5 bila kujali ukubwa wa kitu.

## Usalama

Baadhi ya metali hazifai kabisa kwa kazi ya nyumbani, hata kama vifaa vyake ni rahisi kupata.

*Kromi.* Myeyusho wa kawaida wa kupaka kromi una kromi ya valensi sita, ambayo husababisha saratani. Sumu hiyohiyo huzaliwa bila kutarajiwa mtu anapotumia feleji isiyoshika kutu kama anodi, au anapoondoa kromi ya zamani kwa kugeuza mkondo ndani ya myeyusho wa soda kali. Myeyusho unaogeuka njano baada ya kazi kama hizo ni dalili ya hatari.

*Sianidi.* Myeyusho wa sianidi ukikutana na asidi hutoa gesi ya sianidi ya hidrojeni, ambayo huua. Kuhama kutoka bafu la asidi hadi la sianidi ni miongoni mwa hatua zinazolindwa sana viwandani.

*Nikeli.* Chumvi zake husababisha mzio wa ngozi, na vumbi au ukungu wake huhusishwa na saratani. Mwaka 1994 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha nikeli inayoweza kutoka kwenye vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu, kama hereni na saa. Dhahabu nyembamba juu ya nikeli ikichakaa, nikeli hugusa ngozi.

*Chumvi ya jikoni.* Ikitiwa kwenye myeyusho ili kuongeza upitishaji wa umeme, huweza kutoa gesi ya klorini kwenye anodi.

*Hidrojeni.* Gesi hii hutoka kwenye kathodi na hushika moto, kwa hiyo kazi hufanyika mahali penye hewa na mbali na jiko. Hidrojeni pia huingia ndani ya feleji ngumu na kuifanya ikatike ghafla. Viwandani vipuri vya aina hiyo huokwa kwa saa kadhaa katika nyuzi 190 hadi 220 baada ya kupakwa. Bolti za breki na usukani wa gari au pikipiki hazipaswi kuchovywa nyumbani.

Glovu na miwani ya kinga huvaliwa wakati wote. Asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Jina "maji ya betri" huweza kumaanisha maji yaliyokenekwa au asidi, kwa hiyo lebo husomwa kabla ya kutumia. Vyombo vilivyotumika havirudishwi jikoni, na vijiko au sufuria zilizochovywa nyumbani hazifai kwa chakula.

## Taka

Shaba ni sumu kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na nikeli na zinki pia hudhuru viumbe vya majini. Miyeyusho iliyochakaa na maji ya suuzo la kwanza hayapaswi kumwagwa kwenye mtaro, choo wala shambani. Yakitiwa magadi au chokaa mpaka yaache kuwa asidi, sehemu kubwa ya metali hutulia chini kama tope. Tope hilo hukaushwa, huhifadhiwa katika chombo chenye lebo na kupelekwa mahali panapopokea taka za kemikali. Miyeyusho ya sianidi au kromi haiingii katika utaratibu huu, nayo huachiwa wataalamu.

## Tazama pia

* Elektrolisisi
* Aloi
* Kutu
* Michael Faraday